Majina ya Tamathali na Kazi Yake katika Masomo ya Kiingereza

Mwanafunzi wa mashairi na michezo ya Kiingereza hupewa mapema sana orodha ya majina: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, kinaya, na mengine mengi. Kila jina lina maelezo yake ya mstari mmoja na mfano wake wa mstari wa pili. Huyakariri, hupimwa, hufaulu. Kisha akipewa shairi asilolijua, hulipitia kama mtu atafutaye kuni, akiokota tashbihi hapa na takriri pale, akazifunga mzigo na kumletea mwalimu. Akiulizwa shairi lasema nini, hunyamaza. Hasara hii twaiona kuwa kubwa kuliko ile ya kutojua majina, maana asiyejua majina huenda akasoma bado, bali huyu amekwisha kuamini ya kuwa amesoma.

Wala maradhi haya si ya shule zetu tu. I. A. Richards, aliyefundisha Cambridge, aliwapa wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala mwaka, akawaomba waandike waliyoyaona ndani yake. Majibu yao aliyachapisha katika kitabu mwaka 1929, na yaonyesha vijana waliosomeshwa vizuri wakishindwa kufahamu hata maana ya wazi ya maneno waliyoyasoma.

Hatusemi majina yaachwe. Seremala hawezi kumwambia kijana wake, "Nipe kile kitu"; sharti aseme randa, au patasi, au msumeno. Lakini kijana huyo huiona randa ikipita juu ya ubao, na maranda yakianguka chini, ndipo jina lake linapomkaa. Katika mashairi twafanya kinyume: twampa jina la randa, tena la randa ambayo hajaiona ikikata.

Tena ifahamike ya kuwa majina yale yatumiwayo na Waingereza wenyewe si ya Kiingereza. Mengi yametoka katika Kiyunani, yakapitia Kilatini, na mtoto wa London huyaona magumu kama aonavyo mtoto wa Tabora. Waingereza wa zamani walilijua jambo hilo. Mwaka 1589 kilichapwa London kitabu juu ya ufundi wa ushairi wa Kiingereza. Hakikuwa na jina la mwandishi, lakini wataalamu wengi wamekihesabu kuwa cha George Puttenham. Mtu huyu alijaribu kuzipa tamathali za Kiyunani majina ya nyumbani. Kinaya alikiita dhihaka kavu. Chuku aliiita mpita-kiasi, na tena mwongo wa sauti kubwa. Sitiari aliiita tamathali ya uchukuzi. Majina hayo hayakudumu. Shule za Uingereza zilirudi kwa Wayunani, na leo ni wachache wayajuao. Hata hivyo twamhesabu Puttenham kuwa mwalimu mwema kuliko wengi waliomfuata, kwa sababu katika baadhi ya majina aliweka mtu atendaye jambo. Mwongo wa sauti kubwa twamjua sote. Yuko katika kila kijiji, na hakuna mtoto ahitajiye kumkariri.

Katika neno lile la uchukuzi Puttenham alifuata maana ya Kiyunani, kwa kuwa Aristotle aliieleza sitiari kuwa ni kulihamisha jina la kitu kimoja na kulipa kitu kingine. Waarabu walichagua neno la kuazima, nalo ndilo lililotupatia sitiari yetu. Kwa kufundishia, neno la Waarabu twaliona bora. Mzigo ukihamishwa huhama wote. Kitu cha kuazima hubaki ni cha mwenyewe, na aazimaye huchukua kile tu anachokihitaji. Tukimwita shujaa simba, twaazima ukali na utisho. Manyoya ya shingo na mkia twavirudisha kwa mwenyewe. Basi kwa kila sitiari mwanafunzi aulizwe: mtunzi ameazima nini, na ameacha nini? Swali hilo moja lamfikisha ndani ya shairi, swali la "hii ni tamathali gani?" lamwacha mlangoni.

Juu ya tashbihi hatutasema mengi. Vitabu vya shule husema ya kuwa ni mlinganisho wenye neno "kama" au "mithili ya", na sitiari ni ule usio na neno hilo. Kwa kanuni hii mwanafunzi hulitafuta neno, halitafuti jambo. "Juma ni mrefu kama baba yake" ina "kama", wala si tashbihi, maana mtu amepimwa kwa mtu. Upande wa pili, miguu ya meza na shingo ya chupa zilikuwa sitiari zamani, bali leo hakuna asikiaye kuazimwa kwa kitu chochote humo. Aristotle mwenyewe aliiweka tashbihi karibu sana na sitiari, akaona tofauti yao kuwa ndogo. Twashangaa kwamba tofauti hiyo ndogo ndiyo ipewayo muda mwingi darasani.

Kinaya ndicho kinachotaka saburi. Orodha husema ni kunena kinyume cha unachokusudia. Tulipime neno hilo kwa hotuba ya Antony katika mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapwa mwaka 1963. Caesar amekwisha kuuawa. Brutus amempa Antony ruhusa ya kusema mbele ya maiti, kwa masharti: asiwalaumu wauaji, na aseme ya kuwa anasema kwa idhini yao. Antony ashika masharti hayo kwa maneno yake. Amsifu Brutus kuwa mtu wa heshima. Mara ya kwanza sifa hiyo si kinyume cha lolote. Umati uliotoka kumshangilia Brutus waisikia kuwa adabu. Kisha Antony ataja mateka walioletwa Rumi, ambao fidia yao ilijaza hazina ya mji, na sifa ile yarudi. Ataja machozi ya Caesar kwa ajili ya maskini, nayo yarudi. Ataja taji iliyokataliwa mara tatu, nayo yarudi tena. Neno halikubadilika hata herufi moja, lakini kila lirudipo limeoza zaidi kidogo, hata mwisho mmoja wa umati alitoa kinywani mwake kama tusi.

Sasa mwanafunzi wa orodha aandika: "Kuna takriri. Kuna kinaya." Ameona vitu viwili, na huenda akapewa alama mbili. Ukweli ni kwamba pale mna kitu kimoja. Takriri ndiyo moto na kinaya ndicho kilichopikwa. Ukiondoa kurudiwa kwa neno, lile neno la kwanza labaki adabu tupu. Mwanafunzi aliyeweza kusema ni mara ya ngapi sifa ilipoanza kumchoma, na kwa sababu gani, ameisoma hotuba, hata akisahau jina la kila tamathali. Twawasihi wasahihishaji wa mitihani walitazame jambo hili, maana mwalimu hufundisha kile kipewacho alama.

Kinaya cha mchezo huu hakikomi katika hotuba. Decius amwambia Caesar ya kuwa ndoto ya mkewe, ya sanamu yake ikitoka damu, ni ya heri; watazamaji wajua ya kuwa Decius ni mmoja wa wauaji, na Caesar hajui. Hapa hakuna aliyenena kinyume cha kusudi lake ili afahamike. Decius adanganya tu, na kinaya kiko katika maarifa yetu sisi tutazamao. Kwa hiyo maelezo ya orodha hayatoshi.

Jina lenyewe nalo lataka uangalifu. Katika elimu ya balagha ya Waarabu, kinaya ni kukigusia kitu pasipo kukitaja waziwazi, na mfano wao uliozoeleka ni kumwita mkarimu "mwenye majivu mengi", kwa kuwa apikiaye wageni wengi jivu lake halipungui. Shule zetu zimelichukua neno hili na kulipa maana nyingine. Hatuoni ubaya, maneno husafiri. Lakini mwalimu mwenye wanafunzi waliosoma Kiarabu na alieleze mapema, asije akawasahihisha kwa kosa lisilo lao.

Imebaki tashihisi, na hapa Kiswahili chatupa msaada ambao Kiingereza hakina. Mwingereza atakaye kukifanya kitu kuwa mtu hulibadili jina badala, akakiita kwa neno la mwanamume au la mwanamke, au hukisemesha ana kwa ana, kama John Donne aliyefariki mwaka 1631 alivyoisemesha Mauti kama mtu amkemeaye mwenye majivuno. Sisi twageuza upatanisho wa sentensi nzima. "Jua limechoka" yaweza kuwa maneno ya mkulima jioni. "Jua amechoka" ni mtu aketiye chini kupumzika. Mtoto wa darasa la nne husikia tofauti hiyo kabla hajafundishwa. Basi mwalimu aanze na jua hilo, awaulize watoto ni nani aliyechoka, kisha awafungulie Donne.