Pini nne, mahali pabaya
Kidonda kilioshwa vizuri na antibiotiki ikatolewa mapema. Hapo sina neno. Ugomvi wangu ni pini za fiksateri, ile fremu inayoushika mfupa kwa nje.

Picha ya radio mliiona: muundi wa kijana wa pikipiki aliyegongwa na lori la shaba hapa Lubumbashi, umevunjika katikati na kidonda wazi, daraja la tatu la Gustilo, lile baya zaidi. Pini mbili za juu zimebanana chini ya goti, mbili za chini zimebanana juu ya kifundo, na fimbo moja tu inabeba pengo lote, tena imekaa mbali na ngozi hata ngumi inapita. Nani aliamua hivyo? Katika kila kipande, pini moja hukaa karibu na mvunjiko, nje ya damu iliyovilia, na ya pili huenda mbali. Fimbo husogezwa karibu na mfupa, na pakilegea huongezwa fimbo ya pili. Pini zilezile nne zingetosha, bila senti ya ziada. Mpasuaji alikikimbia kidonda, wakati upande wa ndani wa muundi, pale mfupa unapogusa ngozi, ulikuwa na nafasi tele. Sasa mgonjwa akikanyaga, mvunjiko utacheza, pini zitalegea, usaha utatoka, kisha lawama zote zitaangukia chuma.

Na ile mashine ya kutobolea! Nimesema mpaka nimechoka: mfupa ukitobolewa kwa kasi bila maji huungua, na mfupa ulioungua haushiki pini.

Albin Lambotte wa Antwerpen alifunga fiksateri yake mwaka 1902, antibiotiki haijulikani bado. Vyombo alijichongea mwenyewe, na violini pia. Raoul Hoffmann wa Geneva, 1938, akaleta viungio vya kunyoosha mfupa bila kufungua mvunjiko. Wazee hao walijua pini inakaa wapi.

Wanaoiita fiksateri chuma cha maskini wasome utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2020, wa miundi iliyovunjika na kidonda wazi: msumari unaopitishwa ndani ya mfupa ulinyoosha mfupa vizuri zaidi, lakini kwa vifo na kurudia upasuaji tofauti haikuwa kubwa. Chuma si tatizo.

Ndugu zangu wa chumba cha upasuaji, mrudisheni kijana mezani wiki hii. Hamisheni pini mbili, moja kila kipande, karibu na mvunjiko, na fimbo muishushe, kabla usaha haujaanza.