Mpigapicha Asiye Mpita Njia

Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya, dunia iliijua Kibera, mtaa wa Nairobi, kwa moshi, mawe na reli iliyong'olewa. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, ikawa zamu ya Kawangware, mtaa mwingine wa jiji hilo. Moto ulipozimika, kamera nyingi ziliondoka. Ninaowastahi zaidi ni wapigapicha waliobaki.

Boniface Mwangi alizipiga picha za ghasia za mwanzo akifanya kazi na gazeti la Standard. Kilichomvuta katika fani hii ni kitabu cha maisha ya Mohamed Amin, Mkenya aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Baadaye Mwangi alizirudisha picha zile kwa wenyewe: katika maonyesho ya Picha Mtaani zilitundikwa hadharani, wananchi wakasimama kutazama walichofanyiana.

Brian Otieno alianzia nyumbani. Ni mzaliwa wa Kibera, na tangu 2013 anaipiga picha mitaa yake katika mradi wa Kibera Stories. Humo hata msichana anayejifunza baleti anacheza njiani, mabati yakiwa nyuma yake.

Ukitaka kuelewa ugumu wa kazi hii, ingia kichochoro cha Gatwekera, Kibera, au Gatina, Kawangware, saa sita mchana. Jua linapiga mabati hadi macho yanauma, na hatua moja ndani ya mlango ni giza. Mpigapicha akipima mwanga wa nje, uso wa mama aliyeketi ndani unapotea kabisa. Akipima uso, mlango unakuwa mweupe tu. Basi anamsubiri mama asogee kizingitini, mwanga umguse shavu. Na kwa kuwa njia ni nyembamba, lenzi ndefu haimsaidii. Lazima asimame karibu, mahali ambapo mgeni angeulizwa anatafuta nini. Mama akiendelea kuchambua sukuma wiki bila kumjali, ujue wamesalimiana asubuhi nyingi. Picha ile imeanza kutengenezwa kwa salamu hizo.

Kwa hiyo kijana wa Kawangware anayeitamani kazi hii aanzie pale Stage 46 anaposhukia matatu kila siku, kwa watu wanaomjua jina. Lenzi nzuri inaweza kununuliwa baadaye. Imani ya majirani haiuzwi dukani, na ndiyo mtaji wake mkubwa.