Katoni ya Vitabu Kutoka Tororo Hadi Ziwani

Anayetoka Tororo kwenda Kisumu kwenye tamasha la vitabu la mwisho wa wiki ana njia mbili za kuvuka mpaka. Malaba ndiyo ya karibu, lakini barabara yake inakupeleka Bungoma na Eldoret, na foleni yake ni ya malori ya Mombasa. Busia iko kusini, mbali kidogo, ila ukishavuka unashika lami moja tu: Bumala, Ugunja, Maseno, na kabla jua halijazama unaliona ziwa. Sisi watatu tumekwenda kwa njia ya Busia mara mbili. Mara ya kwanza tulifika wenyewe, vitabu havikufika.

Tulikuwa tumeikabidhi katoni ya vitabu vyetu kwa kampuni moja ya mabasi Ijumaa asubuhi, tukalipia, tukapewa risiti, tukaondoka na mikoba mepesi. Katoni ikakwama mpakani kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuisemea. Jumamosi tulikaa nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe na nakala moja. Mwalimu mmoja kutoka Siaya alirudi mara tatu kuuliza kama mzigo umefika. Jumapili saa kumi jioni, viti vikikunjwa, nikampa nakala yangu mwenyewe iliyojaa alama za kalamu. Alilipa bei kamili. Fedha ile iliniuma kuipokea.

Tangu hapo nimekuwa nikiichambua safari ile, maana kosa halikuwa la bahati. Mtu na kitabu chake hawavuki mpaka kwa utaratibu mmoja. Mtu amerahisishiwa sana. Tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Mnamo Februari 2018 Marais Museveni na Kenyatta walizindua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, na foleni mbili zikawa moja: ukitoka Uganda unalipita jengo la upande wa Uganda, unaingia la Kenya, na humo unamkuta afisa wa uhamiaji wa Uganda amekaa jirani na mwenzake wa Kenya. Huyu anakutoa, yule anakuingiza. Mji huu, ambako neno bodaboda linasemekana kuzaliwa kwa sababu ya baiskeli zilizokuwa zikibeba watu kati ya vituo viwili vya mpaka, sasa unavukwa kwa hatua chache.

Kitabu nacho kinakwenda forodha. Ushuru wenyewe hautishi. Bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, thamani yake isipozidi dola 2,000, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Lakini cheti kinaondoa ushuru wa forodha tu, hakigusi kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, na sheria ya Kenya ya 2013 iliviingiza vitabu kwenye VAT ya asilimia 16. Ukiwa na vitabu 48 na ankara inayosema shilingi 500 za Kenya kila kimoja, mzigo una thamani ya shilingi 24,000 na kodi yake ni 3,840. Unailipa kabla hujauza hata nakala moja, na zile utakazorudi nazo nyumbani zimeshakatwa kodi ileile. Kwangu mimi hapa ndipo tamasha la vitabu la kanda linapobanwa. Waandaaji wanatenga nauli ya mwandishi, chumba chake na chakula chake, na hakuna anayetenga fedha wala siku kwa ajili ya katoni.

Nikiliwaza hili, simwachi Okot p'Bitek. Mwaka 1968, akiwa amepoteza kazi yake ya kuongoza kituo cha utamaduni cha taifa mjini Kampala, alihamia Kisumu kufundisha katika kituo cha elimu ya nje cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, na mwaka huohuo akaanzisha Tamasha la Sanaa la Kisumu. Alikuwa ameshaanzisha jingine Gulu, kwao. Mtu huyu alikuwa mwandishi wa kitabu kilichotikisa Afrika Mashariki nzima, Song of Lawino, kilichotoka Nairobi mwaka 1966. Angeweza kuandaa meza za vitabu na foleni za saini. Tamasha lake likawa la sanaa, kwa kuwa kwake fasihi ilikuwa neno lililopangwa vizuri, liwe limeandikwa, limesemwa au limeimbwa.

Tazama alivyochagua mahali. Kisumu ilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902, mstari ulipohamishwa na wakoloni. Simulizi za Wajopadhola wa Tororo zinasema Adhola, babu yao, na Owiny walikuwa ndugu: Adhola akabaki, Owiny akaendelea upande wa ziwa. Kiacholi cha Okot, Kidhopadhola cha Tororo na Kijaluo cha Kisumu ni lugha za ukoo mmoja. Kwa hiyo alikuwa Mganda aliyefukuzwa kazi kwao, lakini masikio aliyoyakuta Kisumu hayakuwa ya wageni. Wimbo hauna ankara. Hapo mbinu yake inaonekana wazi, na hapo pia ndipo inapotupungukia sisi tunaobeba karatasi, kwa sababu wimbo ukiisha msikilizaji anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwandishi Asenath Bole Odaga alilishika jambo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 1982 alianzisha Lake Publishers and Enterprises hukohuko Kisumu, akachapisha kwa Kijaluo na Kiingereza, akauza vitabu palepale mjini. Kitabu chake hakikuhitaji kuvuka popote ili kumfikia msomaji wa ziwani. Na Machi 2017 kundi la waandishi la Jalada liliwapandisha waandishi kwenye basi kutoka Nairobi na kulizungusha tamasha lenyewe katika nchi kadhaa za kanda hii. Napenda ujasiri wa basi lile, ila moyo wangu uko kwa Odaga, kwa kuwa duka hubaki basi likishaondoka.

Hatukuwa na kampuni ya uchapishaji, tulikuwa na katoni. Mara ya pili tukaipanga upya safari yote kwa kuanzia na katoni hiyo.

Tulichukua boksi la karatasi za A4, lile la rimu tano. Kitabu cha A5 cha kurasa 200 kwenye karatasi ya gramu 80 kina uzito wa gramu 260 hivi. Ukivilaza viwili ubavu kwa ubavu na kupandisha safu 24, vinaingia 48, na boksi linakuwa na kilo kumi na mbili na nusu, karibu uzito uleule wa karatasi zilizokuwamo. Mtu mmoja anaubeba begani kutoka kwenye teksi hadi dirishani. Zaidi ya hapo unaajiri mkokoteni, na mkokoteni una safari zake. Kwenye ankara tuliandika bei ya uchapaji, jina la kitabu, ISBN, mchapaji na idadi. Hatukufunga kwa selotepu. Tulifunga kwa kamba ya manila, ifunguke na kufungwa tena bila kuchana boksi. Nakala moja tukaiweka nje, juu ya ankara.

Na tukaondoka Alhamisi. Hilo ndilo lililotusaidia kuliko yote, na halihitaji maelezo marefu: siku ya kazi ofisi zote ziko wazi, na karatasi ikikosekana bado una kesho.

Dada wa forodha aliichukua ile nakala ya juu akaifungua katikati. Ni hadithi za Kidhopadhola, ukurasa wa kulia una Kiswahili. Alisoma karibu nusu ukurasa, midomo ikitikisika, kisha akahesabu safu kwa kidole bila kuvitoa vitabu. Tulilipa VAT, tukapewa risiti, tukaomba igongwe muhuri pia kwenye ankara. Ilituchukua kama dakika hamsini, na robo yake ilikuwa ya kusubiri mtandao urudi.

Ijumaa jioni tuliifungua kamba Kisumu. Kufikia Jumapili tulikuwa tumeuza vitabu 31. Cha kwanza alikichukua mzee mmoja aliyekuwa amesimama muda mrefu bila kugusa kitu. Alisoma kichwa cha hadithi kwa sauti, akasita, akakisoma tena kwa Kijaluo chake akibadilisha neno moja tu. Akamgeukia mjukuu wake: "Hawa wanaandika kama bibi yako alivyokuwa anaongea." Akanunua viwili.