Faranga Tano Zilizofukuliwa Kasomeno

Leo nimeitoa sarafu yangu kwenye mafuta, na bado siamini macho yangu!

Mashine yangu ya kutafutia metali ililia karibu na njia panda ya Kasomeno, barabara ya Lubumbashi inapogawanyika, huku Kasenga, huku Pweto. Nikafukua shubiri moja. Likatoka duara la kijani lililogandamana na udongo mwekundu. Sumaku haikulivuta, basi si chuma. Halina pembe, kwa hiyo si ile faranga mbili ya 1943 yenye pande sita na tembo, ambayo hata kipofu angeitambua kwa vidole. Nayo makuta ya alumini ya 1967 ni mepesi kama ganda la karanga; hili lilikuwa zito. Usiku, chini ya taa, nikaona ncha ya ndizi. Ndizi! Nikageuza: msalaba wa shaba. Faranga tano za Katanga, 1961!

Hebu fikiri. Dola ya Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitenga na Kongo, ilitangazwa tarehe 11 Julai 1960, ikafika mwisho Januari 1963. Katikati ya muda huo mfupi ikapiga sarafu ya shaba nyeusi yenye sura ya msalaba ule ule ambao wahenga wa huku walikuwa wakiumimina na kuutumia kama mali karne nyingi kabla ya faranga yoyote. Shaba imebeba picha ya shaba. Sijawahi kushika sarafu nzuri kuliko hii.

Niliambiwa niisugue kwa limau. Usithubutu! Limau hula kutu pamoja na sarafu, likakuachia kitu cha waridi kama kilichochunwa ngozi. Mimi niliiloweka kwenye maji ya mvua, nikayabadilisha kila siku, kisha wiki tatu ndani ya mafuta ya zeituni, na kijiti cha mwanzi kwenye herufi. Ni polepole mno, naam, lakini tazama herufi zilivyosimama!

Ukiona unga wa kijani mpauko unaorudi kila ukiufuta, hiyo ni chumvi ya kloridi inayoitafuna shaba kutoka ndani. Sarafu hiyo itenge, iwe kavu daima. Yangu haina. Ina kijani kizito, kigumu, jamaa ya malakiti, jiwe lile lile wachimbaji wetu wanalolitafuta. Miaka yote hiyo ardhini, ilikuwa imeanza kurudi kuwa jiwe la Katanga. Kijani kilichobaki kwenye mikono ya msalaba sikigusi.