Pongezi kwa Wachomeleaji wa Likasi

Mji huu wa Kongo, ulioitwa Jadotville hadi 1966, ulikuzwa na shaba ya kampuni ya Union Minière, na chuma hapa kina wenyewe. Pikapu kuukuu ikifika inagonga nyuma, kishikio cha shokamzoba kimeng'oka kwenye chesisi na kuacha ufa, fundi haanzi na moto. Anachomoa waya wa betri, anakinga bomba la breki, anakwangua kutu hadi chuma king'ae. Kisha, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, anatoboa kitundu mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa. Ndipo anachomelea na kuongeza kiraka cha bamba nene. Nati ya mwisho anaikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, mpira wa bushi usijipinde. Asante sana, fundi. Njia nzima hadi mji wa Kolwezi, mzigo wangu ulitulia.