Kikombe cha Hillwood

Nyumba ya Hillwood, iliyoko mjini Washington katika Marekani, si ghala ya vitu vya thamani tu. Marjorie Merriweather Post, mrithi wa utajiri uliotokana na biashara ya vyakula vya nafaka, aliinunua mwaka 1955, akaitengeneza upya kwa nia ya kuwaachia watu makumbusho. Alifariki mwaka 1973, na milango ikafunguliwa kwa wote mwaka 1977. Kwa hiyo kila chumba ni usemi wa mtu mmoja, na chapasa kusomwa kama kitabu: kwa yale kisemayo, na kwa yale kinyamaziayo.

Yasemwayo ni mazuri. Sebule imepambwa kwa mtindo wa Ufaransa wa karne ya 18. Kaure za Sèvres zina chumba chake, na kaure za Urusi chake. Hapana kitu kilichowekwa ovyo.

Walakini kiko kikombe kimoja cha dhahabu ambacho uzuri huo hautoshi kukieleza. Kilifanywa na sonara Iver Windfeldt Buch mwaka 1791 kwa amri ya malkia Catherine II, kitumike kwa ibada katika nyumba ya watawa ya Alexander Nevsky huko St Petersburg. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 mali ya kanisa ilitaifishwa, na serikali ya Kisovieti ikauza hazina nyingi ili kupata fedha za kigeni. Bibi Post alinunua vitu vingi vya Kirusi alipokaa Moscow miaka ya 1937 na 1938, mumewe Joseph E. Davies akiwa balozi huko.

Leo kikombe hicho ni jirani wa mayai mawili ya Fabergé yaliyokuwa ya jamaa ya kifalme. Kwa jicho, vyote ni dhahabu na vito. Lakini yai lilifanywa litazamwe. Kikombe kilifanywa kitumiwe katika ibada. Kuviweka pamoja ni kudai kwamba ni vitu vya jinsi moja, na hapo ndipo hekima ya mpangaji inapopungua.

Haki yataka isemwe pia kwamba vyombo vingi vya kanisa viliyeyushwa kwa ajili ya madini yake. Mnunuzi aliokoa umbo la kikombe. Matumizi yake hakuweza kuyaokoa, na nyumba yenye adabu kubwa hivi ingeweza kukiri hasara hiyo waziwazi zaidi.

Bustani ndiyo yenye ukweli zaidi. Humo hapana kabati la kioo: waridi huchanua, hunyauka, hukatwa, huchipua tena kwa mkono wa mtunzaji. Majivu ya Bibi Post yamewekwa katika bustani hiyo ya waridi. Aliyekusanya vitu visivyooza alichagua kulala kati ya vile vinavyooza; na mwenye kukitazama kikombe kile baada ya kutoka bustanini hukosa kukiona kuwa pambo tu.