Hisabu ya Mpingo: Jinsi Vijiji vya Kilwa Vilivyomiliki Misitu Yao

Mpingo hukua polepole mno, hata huweza kupita umri wa mtu kabla haujafaa kupasuliwa. Na kiini chake cheusi, kitafutwacho na wachongaji wa Kimakonde na mafundi wa klarineti wa Ulaya, kwa muda mrefu kilitoka katika misitu ya Kilwa pasipo kuwaachia wanavijiji faida ya kutajika. Mvunaji alichukua leseni wilayani, akalipa mrabaha serikalini, akapakia magogo yake. Naye mwanakijiji, asiye na fungu katika mali hiyo, hakuona sababu ya kumzuia mwizi wa miti.

Hali hiyo iligeuzwa na Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, iliyokiruhusu kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake kuwa hifadhi ya kijiji, kuuza mazao yake kwa bei ya mapatano, na kubaki na mapato pamoja na faini, bila kufungwa na viwango vya mrabaha wa serikali.

Lakini haki iliyo katika karatasi hailindi mche. Na hapa ndipo kazi ya Kikole na Kisangi, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la uhifadhi wa mpingo lililoko Kilwa, inapostahili kuchunguzwa. Kwanza mipaka ilipatanwa na majirani, maadam msitu wenye ubishi hauna mlinzi. Kisha Kamati ya Maliasili ya kijiji ikaingia porini na utepe, ikipima unene wa mashina kwenye kimo cha kifua na kuhesabu miti mikubwa kwa michanga. Na kiwango cha uvunaji kikatokana na hisabu hiyo, wala si na haja ya mnunuzi. Baadaye ikaongezwa kazi ya kuchoma mapema, nyasi zingali na unyevu na moto ukitambaa chini, kwani moto wa mwisho wa kiangazi huteketeza miche hadi ardhini.

Mwaka 2009 misitu hiyo ilipata cheti cha FSC (baraza la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vyema), cha kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Hata hivyo cheti kina gharama ya ukaguzi isiyobebeka na kijiji kimoja, ndiyo maana kilishikwa kwa pamoja chini ya shirika. Basi wilaya itakayo kuiga haina budi kuanza na mipaka, hisabu na mamlaka ya kupanga bei. Cheti kifuate, mnunuzi aliye tayari kukilipia akiisha kupatikana.